Kusajili jina na alama ya kazi zako za cherehani: makosa yangu yote, ili yako yapungue

Juu ya kabati langu kuna mikoba 60 ya watoto. Imeshonwa vizuri, zipu haikwami, bitana ndani, na hakuna hata mmoja ninaoweza kuupeleka dukani. Nitaeleza kwa nini. Nianze na makaratasi, maana ndiyo yaliyonilia hela mapema.

Mepesi nayapitisha haraka. Hapa Tanzania unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na TIN, namba ya mlipakodi. TIN ni bure; ukisikia mtu anadai "ya kuharakisha", huyo anaharakisha mfuko wake. Kama uliichukua kwa ajili ya leseni ya udereva, hiyo haihesabiwi kuwa ya biashara, itabidi TRA, watu wa mapato, waibadilishe. Na ujue ikishakuwa ya biashara, makadirio ya kodi yanakuja, kwa hiyo usiibadilishe halafu ukae mwaka mzima ukitafuta cherehani. Leseni ya biashara kwa fundi wa kawaida iko kundi B, inatoka halmashauri yako kupitia mfumo wa TAUSI. Ukitaka kupeleka mzigo nje ya nchi, hilo ni kundi A, na hapo unaongea na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni.

Jina la biashara nalo ni BRELA, kwenye mfumo wao wa ORS. Ada haifikii bei ya doti chache za kitenge kizuri, kwa hiyo hakuna sababu ya kulikwepa. Unajaza, unaichapisha fomu, unasaini, unaiskani, unaipakia tena, unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu. Mtandaoni, ila karatasi haikuachi.

Hapa ndipo nilipoungua mara ya kwanza. Mimi na kompyuta hatujawahi kupatana, nikaenda steshenari moja karibu na stendi. Kijana alimaliza kila kitu kwa dakika ishirini, nikamlipa na soda juu. Miezi minne baadaye nataka kuingia kwenye akaunti niombe alama ya biashara. Akaunti ina barua pepe yake na namba yake ya simu, na yeye keshahamia Mbeya. Wiki tano nilikuwa mtu wa kupiga simu, kutuma nakala za kitambulisho na kueleza upya kwamba mimi ni mimi. Akujazie, hakuna ubaya. Ila barua pepe iwe yako, simu iwe yako, na nywila uichape wewe huku yeye akiangalia barabarani.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: cheti cha jina la biashara hakikupi umiliki wa nembo iliyo kwenye lebo yako. Kinasema tu kwamba wewe unafanya biashara kwa jina hilo. Jirani anaweza kushona lebo inayofanana na yako, na cheti chako ukutani kisimtishe hata kidogo. Kinachomzuia ni alama ya biashara, ambayo ni ombi jingine, la ada nyingine, na lina mtego wake.

Mtego ni madaraja. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa kwenye madaraja 45, na alama yako inalindwa pale tu ulipoombea. Kwetu kila daraja lina ombi lake na ada yake. Mimi nilijiambia, "Ninashona, basi niko kwenye nguo," nikajaza 25. Nguo ni kweli ziko 25, na aproni nazo humo. Lakini mimi sishoni nguo! Nashona mikoba, na mikoba iko 18. Vitambaa vya meza, mashuka na foronya viko 24. Mito ya sofa iko 20. Yaani ukiuza foronya tupu uko 24, ukiishindilia pamba umehamia 20. Madoli ya vitambaa, 28. Aliyepanga haya hajawahi kukaa kwenye meza ya fundi inayotoa vyote hivyo kwa siku moja.

Ada ya ombi lisilo na kazi hairudi. Yangu haikurudi, na sina wa kumlaumu, kidole kilichobonyeza 25 kilikuwa changu. Kwa hiyo kabla ya kugusa mfumo, chukua daftari la mauzo ya miezi sita, uangalie ni kitu gani hasa kinachokulisha. Anza na daraja hilo moja. Mengine yatafuata hela ikipatikana.

Jina lenyewe lisiwe maelezo ya bidhaa. "Mikoba Bora ya Kitenge" haliwezi kuwa lako peke yako, kila mtu anasema hivyo sokoni. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la alama, na kwa siku 60 yeyote anaweza kulipinga. Likipita, unalindwa miaka 7, halafu unahuisha kila baada ya miaka 10. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona, si nyuma ya risiti ya vifungo.

Haya, mikoba 60. Duka moja la zawadi Unguja liliagiza mikoba ya watoto. Nikaenda Kariakoo, nikakuta jora la pamba safi lenye mhusika wa katuni ambaye kila mtoto anamjua. Nikashona siku kumi na moja. Mzigo ulipofika, mwenye duka akaniuliza swali moja: una ruhusa ya mwenye picha? Nikamwonyesha risiti ya kitambaa. Akacheka kwa heshima, akaurudisha mzigo kwa boti iliyofuata. Nauli juu yangu.

Risiti ya kitambaa inathibitisha kwamba umenunua kitambaa. Picha iliyomo bado ina mwenyewe. Watu wa pwani tunalijua hili tangu zamani, tulilisahau tu: kanga za Mombasa zilikuwa na "K.H.E. Mali ya Abdulla" ukingoni, alama ya mfanyabiashara aliyezitoa, na hakuna aliyedhani kuinunua kanga kunamfanya yeye Abdulla. Basi fungua jora, soma ukingo kabla ya kulipa. Ukikuta alama ya hakimiliki na jina la kampuni, picha ina mwenyewe. Baadhi ya vitambaa vya Marekani, na vingine huletwa pamoja na mitumba, huandikwa kabisa kwamba ni vya matumizi ya nyumbani tu. Hata ukibishana kwamba umekinunua kihalali, mnunuzi mkubwa akisoma maneno hayo hakupi oda. Na usipokuta jina lolote chini ya katuni maarufu, huenda ni bandia, hapo ni pabaya zaidi: Tume ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na fundi naye ana bidhaa.

Kuchapa au kudarizi picha hiyo mwenyewe usijaribu bila barua ya ruhusa. Nembo za Simba na Yanga ni vilevile. Andikia klabu, taja bidhaa, idadi, muda na utakapouzia. Klabu unaweza kugonga mlango wao. Kampuni za katuni kwa kawaida hudai kiwango cha chini cha malipo ambacho fundi mwenye cherehani mbili hakigusi, kwa hiyo usipoteze bando. Bendera na Nembo ya Taifa zina sheria yake, nazo zinahitaji kibali.

Ukichora maua yako mwenyewe, hakimiliki ni yako tangu ulipoinua kalamu. Lakini yapeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uyasajili, kwa sababu siku ya ugomvi "mimi ndiye niliyeanza" hakuna anayeisikiliza bila karatasi.

Jambo la mwisho, nimelijua juzi tu nikiwa tayari nimeshalipia daraja la 18: alama ya BRELA inalinda Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na ombi lake. Wateja wangu wazuri wako Unguja, akiwemo yule aliyerudisha mikoba. Ameniambia nikishona ya maua yangu atachukua 40. Fomu ya BPRA iko mezani, safari hii naijaza mwenyewe.