Kijiji cha wakulima Java: kuingia, kukaa na kuweka pesa bila kununua ardhi

Kisiwa cha Java nchini Indonesia kinaingia karibu mara saba ndani ya Tanzania, lakini kina watu zaidi ya milioni 150. Ndiyo maana mkulima wa kawaida huko ana chini ya nusu hekta, na mgeni anayeuliza bei ya shamba siku ya kwanza hujibiwa kwa tabasamu na chai, basi. Mwongozo huu ni wa anayekwenda kukaa: aliyeoa au kuolewa huko, mwanafunzi wa Yogyakarta aliyechoka na mji, au msafiri mwenye mwezi mmoja anayetaka kuona mpunga unavyolimwa.

Bonde au mawe

Amua kwanza unataka kijiji cha aina gani. Tambarare ya Klaten, Sragen hadi Ngawi ina mifereji, na mpunga hulimwa mara mbili hadi tatu kwa mwaka. Ukanda wa kusini wa Gunungkidul, Wonogiri na Pacitan ni mawe ya chokaa: mvua hunyesha ikazama, na watu hupanda muhogo, mahindi, karanga na mitiki.

Nyumba za kusini ni nafuu, na Januari kila kitu ni kijani. Usilipe kabla hujajua maji ya Septemba yanatoka wapi. Mvua hukatika kuanzia Mei na kurudi Oktoba au Novemba. Katikati hapo kaya nyingi hununua maji ya lori. Muulize jirani, si mwenye nyumba.

Kufika

Njia nzuri ni treni. Kutoka Jakarta hadi Yogyakarta au stesheni ya Solo Balapan ni saa sita hadi nane, na tiketi hukatwa kwenye programu ya shirika la reli kwa namba ya pasipoti. Kati ya Yogyakarta na Solo kuna treni ya abiria wa kila siku inayopita Klaten. Wiki ya Idd el Fitr epuka kabisa: mamilioni hurudi makwao, safari wanayoiita *mudik*, na viti huisha wiki nyingi kabla.

Kipande cha mwisho ni pikipiki. Bodaboda wa kuitwa kwa simu atakufikisha kijijini, ila kumpata wa kukutoa huko ni kazi nyingine. Chukua namba ya kijana wa hapo hapo. Ukikodi pikipiki yako, magari hupita kushoto kama Afrika Mashariki, lakini leseni yako ya kimataifa lazima iwe na daraja la pikipiki. Yenye gari pekee haikusaidii ukianguka, maana bima haitalipa.

Viza ya kufikia uwanjani ni rupia 500,000 kwa siku 30 na huongezwa mara moja tu. Hakikisha pasipoti yako imo kwenye orodha katika tovuti rasmi ya uhamiaji, kwani orodha hubadilika. Viza hiyo hairuhusu kazi wala biashara.

Hodi, kisha Pak RT

Hodi yao ni *kulo nuwun*, na karibu ni *monggo*. Ipige ukiwa uani, subiri. Ukipita mbele ya wazee walioketi, inama kidogo, shusha mkono wa kulia na useme *nuwun sewu*. Kuelekeza kitu ni kwa kidole gumba, si cha shahada. Mwanamume mkubwa ni Pak, mwanamke Bu, kijana Mas au Mbak, mzee Mbah. Jina tupu ni utovu wa adabu.

Kijawa kina ngazi za heshima. Kwa mzee, ndiyo ni *nggih*, si *iyo*, na hapana ni *mboten*, si *ora*. Kosa la wageni wengi ni kujipandisha: neno *dahar*, kula, ni la kumheshimu mwingine, na wewe mwenyewe unasema *nedha*. Ukisema *kulo dahar* ni kama kujiamkia shikamoo, na watacheka kwa upole. Jambo zito zaidi ni hili: *nggih* mara nyingi maana yake ni "nimesikia", si "nimekubali". Makubaliano yoyote yarudie kwa tarehe na kiasi, na ngoja mwenzako ayataje mwenyewe.

Kwenye geti la mtaa utaona kibao: mgeni aripoti ndani ya saa 24. Anayeripotiwa ni Pak RT, ambaye ukimfikiria kama balozi wa nyumba kumi hutakosea. Mpelekee nakala ya pasipoti na ya viza, pamoja na kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai. Nenda jioni, baada ya Magharibi, mwenyeji wako akiwa mbele. Juu ya RT kuna RW (RT kadhaa pamoja) na mkuu wa kitongoji, kisha *lurah* wa kijiji. Ukiruka ngazi ukaanzia juu, karatasi zako zitarudishwa chini zilikopaswa kuanza, na Pak RT atakuwa ameshajua ulimruka.

Ukikaa zaidi ya mwezi, michango inaanza. Zamu ya ulinzi wa usiku ina kitu kinaitwa *jimpitan*: zamani kila nyumba ilitundika ukutani kikopo chenye mchele kidogo, siku hizi ni sarafu, na walinzi huzikusanya wakipita. *Arisan* ni upatu, ule ule unaoujua. Kuna kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, rambirambi msibani na bahasha ya harusi. Bahasha za harusi huandikwa kwenye daftari, jina na kiasi, na familia hurudisha kiasi hicho siku ukiwa na shughuli. Tenga bajeti kubwa mwezi wa Besar, wa hija, ambapo harusi hufuatana. Mwezi unaofuata, Suro, karibu hakuna anayeoza.

Nyumba

Vijijini hukodishwa kwa mwaka, pesa mbele, na stakabadhi yenye stempu ya rupia 10,000. Kabla ya kulipa, tazama mita ya umeme. Nyumba nyingi zina VA 450 au 900 (VA ni kipimo cha umeme, karibu sawa na wati). Kwenye VA 900 swichi kuu ni ya ampea 4. Jiko la wali la umeme hula wati 350 hadi 400, pasi 350, na pampu ya kisima huvuta maradufu au zaidi inapowaka. Vikikutana vitatu, giza. Nunua umeme kwa tokeni kama Luku, na pika kabla ya kuvuta maji. Plagi ni za pini mbili za duara, kwa hiyo vifaa vyako vya pini tatu bapa vinahitaji adapta.

Mtungi wa kijani wa gesi, kilo 3, ni wa ruzuku kwa kaya maskini. Mgeni anunue wa kilo 5.5 au 12.

Kagua kuta. Tetemeko la Yogyakarta la tarehe 27 Mei 2006 liliua watu zaidi ya 5,700, wengi wao wakifukiwa na kuta za matofali zisizokuwa na nguzo za zege. Tafuta nguzo yenye nondo kila kona na mkanda wa zege juu ya ukuta mzima. Usipouona, afadhali nyumba ya zamani ya mbao, ambayo hutikisika bila kukuangukia matofali. Karibu na volkano za Merapi au Semeru, jua ngazi nne za tahadhari: Normal, Waspada, Siaga, Awas. Ikifika Awas hakuna kujadiliana.

Na usiku usitembee kwenye majaruba. Baadhi ya wakulima huzungushia shamba waya wenye umeme wa kuua panya, ingawa ni marufuku, na waya huo umeua watu wengi, hasa upande wa Sragen na Ngawi. Mchana, ukiwa na kidonda mguuni, vaa buti: mkojo wa panya majini huleta leptospirosisi, homa inayoharibu figo. Ukipata homa baada ya siku za matopeni, mwambie daktari ulikuwa kwenye jaruba.

Ardhi: sheria ni fupi

Sheria ya ardhi namba 5 ya 1960 humpa umiliki kamili, *hak milik*, raia wa Indonesia pekee. Ukinunua kwa jina la rafiki na kumsainisha hati za pembeni, mkataba ni batili, ardhi inaweza kwenda serikalini na pesa uliyolipa hairudi. Hati za pembeni zisikutie matumaini, hata ukiambiwa kila mtu anafanya hivyo.

Aliyeoana na raia ana tatizo la pili: ardhi inayonunuliwa ndani ya ndoa ni mali ya wote wawili, na nusu yako ndiyo inayoigonga sheria. Dawa yake ni mkataba wa kutenganisha mali, mbele ya notari, kisha usajiliwe. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba katika kesi namba 69 ya 2015, unaweza kufanywa hata baada ya kuoana. Sheria ya uhamiaji ya 2011 nayo humruhusu mwenye kibali cha ukaazi kupitia mwenzi wake kufanya kazi ya kujikimu. Kwa hiyo yanayofuata humfaa zaidi mtu wa namna hiyo, mikataba ikiwa kwa jina la mwenzi.

Uliza pia shamba ni la nani kweli. *Tanah bengkok* ni ardhi ya kijiji anayopewa kiongozi badala ya mshahara. Anaweza kukukodisha, lakini akitoka madarakani mkataba wako unatoka naye. Wazee hupima kwa *ru*, kama mita 14 za mraba, na *bau*, karibu mita 7,000. Vipimo hivyo hubadilika kidogo mahali kwa mahali, kwa hiyo kwenye karatasi andika mita za mraba.

Mpunga: hesabu kabla ya ndoto

Wajawa, kama sisi, hawachanganyi mpunga, mchele na wali: shambani ni *pari*, ukipurwa ni *gabah*, ukikobolewa ni *beras*, mezani ni *sega*. Wafanyabiashara huzungumzia *gabah*, na ya kuvunwa leo ina maji mengi kuliko iliyoanikwa, kwa hiyo taja ipi.

Chukua mita 2,500 za mraba. Kwa tani 5 kwa hekta unapata kilo 1,250. Bei ya serikali ya kununulia tangu Januari 2025 ni rupia 6,500 kwa kilo: jumla 8,125,000 kwa msimu. Mkigawana nusu kwa nusu na mlimaji, utaratibu unaoitwa *maro*, unabaki na milioni 4 na kidogo, kabla ya pembejeo. Mbolea ya ruzuku huenda kwa waliosajiliwa kwenye kikundi cha wakulima. Nje ya hapo unalipa bei kamili. Sheria namba 2 ya 1960 inataka mkataba wa kugawana mazao uandikwe mbele ya mkuu wa kijiji na udumu angalau miaka 3 kwa jaruba. Wengi hukubaliana kwa mdomo. Wewe andika.

Shambani, mbegu ni kilo 25 hadi 30 kwa hekta, miche hupandikizwa ikiwa na siku 18 hadi 21, miwili au mitatu kwa shimo, mkirudi kinyumenyume ili msikanyage mlichopanda. Wengi hutumia *jajar legowo*: mistari miwili, kisha uchochoro mtupu wa sentimita 50. Panya hupendelea katikati ya shamba penye kificho, na uchochoro hufanya kila mstari uwe pembeni. Wiki ya kwanza shusha maji, maana konokono wakubwa hutafuna miche michanga palipofurika.

Hasara kubwa hutokana na mambo mawili. La kwanza ni kupanda nje ya wakati. Ukichelewa wiki tatu nyuma ya majirani, panya na ndege wa bonde zima watakula kwako. La pili ni yurea nyingi na dawa nyingi: majani hulainika, dawa huua buibui, na *wereng*, mdudu wa kahawia anayefyonza shina, huachwa bila adui. Shamba huungua kwa mabaka ya duara kana kwamba limemwagiwa maji ya moto.

Mnunuzi wa mazao yakiwa bado shambani, *penebas*, atatembea juu ya matuta na kukutajia bei ya jumla wiki moja hivi kabla ya mavuno. Dai malipo ya awali makubwa. Bei ikishuka, mwenye malipo madogo haonekani tena.

Mtu akikupa shamba rehani kwa mkopo (*gadai*), jua kwamba rehani ya miaka 7 au zaidi hurudi kwa mwenyewe bila kulipwa chochote, kwa sheria nyingine ya 1960. Vijiji vingi havijali, mahakama hujali.

Ng'ombe wa kulishiwa

Kwa pesa ndogo, *gaduhan* ndiyo njia yenye busara: wewe unanunua, jirani anachunga na kukata majani, faida mnagawana. Kwa dume la kunenepesha, bei ya kununulia hutolewa kwanza, kinachozidi ni nusu kwa nusu baada ya miezi 6 hadi 12. Kwa jike, ndama hugawanwa kwa zamu. Mimba ni miezi 9, lakini hesabu ndama mmoja kila mwaka na zaidi.

Andikeni kabla ya mnyama kufika: bei, picha, namba ya hereni, nani analipa daktari na dawa, na akifa bila uzembe hasara ni ya nani. Hilo la mwisho ndilo linalovunja urafiki.

Gulio la mifugo hufuata wiki ya Kijawa ya siku tano: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon. Fika alfajiri na mtu anayejua meno. Mfungue ng'ombe mdomo, tazama fizi na ulimi, kisha kati ya kwato. Malengelenge, mate ya kuning'inia au kuchechemea, ondoka: ugonjwa wa miguu na midomo ulirudi Java Mashariki mwaka 2022 na kufunga magulio mengi. Dume la kuuza Idd el Haj liwe limetimiza miaka 2 na limeng'oa meno ya utotoni, bila kilema. Mnunue miezi minane kabla, mapema kuliko wenzako wanaofikiria hivyo hivyo.