Unafua mwenyewe kwa mara ya kwanza? Punguza sabuni, ongeza maji

Kama umefika umri huo na hujawahi kufua hata soksi usione haya, mko wengi ila hamsemi. Kuna aliyekuwa anafuliwa na mama, kuna aliyekuwa anapeleka kwa mtu anarudishiwa zimekunjwa, alafu siku moja unajikuta uko peke yako chumbani na rundo la nguo chafu limefika usawa wa kitanda na kesho hamna cha kuvaa.

Mi siku yangu ya kwanza nilitia kila kitu kwenye beseni moja, nikamwaga sabuni ya unga karibu nusu pakiti, maana nilijua sabuni ndo inayofua, sa ukiweka nyingi si itafua zaidi? Povu likanifika viwikoni. Nikafikicha mpaka vidole vikachubuka, nikasuuza maji moja tu kwasababu nishachoka, nikaanika nikajisifu. Mashati yalivyokauka yalikuwa magumu kama bati na shingo iliniwasha siku tatu. Ndo nikaja kuelewa baadae kwamba sabuni kazi yake ni kuung'oa uchafu na mafuta na kuvishikilia ndani ya maji, basi, anayevitoa kwenye nguo ni maji. Ukizidisha sabuni haitoki yote, inabaki imeganda kwenye nyuzi, nguo inakuwa ngumu, inawasha, na vumbi jipya linanasia humohumo. Kwahiyo kila nitakachosema huku chini kinarudi hapo tu: sabuni kidogo, maji mengi, na kuipa nguo muda.

Haya, kabla ya maji kuna kuchambua. Usiruke hii, ni dakika tano tu. Nyeupe peke yake, rangi za mwanga mwanga peke yake, nyeusi na jinzi na nyekundu peke yake. Alafu kuna fungu la nne ambalo watu wanalisahau, soksi, chupi na boksa, hivi usivichanganye na shati la kazini hata kama rangi zinafanana, na vitambaa vya jikoni navyo usivichanganye na chupi tafadhali. Nguo mpya ya rangi kali usiiamini. Chukua kipande cha kitambaa cheupe kikiwa kimelowa, sugua upande wa ndani wa hiyo nguo kwenye pindo, kikitoka na rangi basi hiyo inachuja, utaifua kivyake mara mbili tatu za mwanzo mpaka itulie.

Wakati unachambua pekua mifuko. Yote, hata ule mdogo wa jinzi ambao hamna anayejua ni wa nini. Peni moja iliyosahaulika inaharibu beseni zima na tishu moja inakuachia vinyuzi vyeupe kwenye kila nguo nyeusi uliyonayo, utakaa unavibandua kimoja kimoja mpaka ujute. Funga zipu, fungua vifungo, soksi zikunjue zisiwe mpira, jinzi na tisheti zenye maandishi zigeuze ndani nje maana kinachosuguana ndo kinachopauka.

Angalia na lebo kwa ndani, ile ya pembeni au ya shingoni ambayo wengine mnaikata eti inachoma. Ile michoro ina maana. Beseni lenye namba ndani, 30 au 40 au 60, hiyo ni nyuzi joto za maji ambazo usizipite. Beseni lenye mkono ni ya kufua kwa mkono tu, beseni lililokatwa na msalaba maana yake usiifue kwa maji kabisa. Pembetatu inazungumzia dawa za kung'arisha, ikikatwa usiweke. Mraba wenye duara ndani ni mashine ya kukaushia. Pasi yenye nukta moja ni moto mdogo, nukta tatu ni moto mkali. Na duara tupu au duara lenye herufi, hiyo ni ya draiklina, usijifanye shujaa.

Sasa kufua kwa mkono. Weka maji kwenye beseni kwanza, alafu sabuni, koroga mpaka iyeyuke yote, NDO utie nguo. Wengi wanafanya kinyume, wanatupa nguo wanamwagia unga juu, unga unaganda sehemu moja na kwenye nguo nyeusi unaacha mabaka. Kipimo soma kwenye pakiti, ila kama huna pa kupimia anza na kidogo kuliko roho yako inavyotaka, ukiona maji yanateleza kidogo vidoleni na povu lipo la wastani imetosha. Povu sio usafi jamani, povu ni povu. Na kama maji yenu ni magumu, yale sabuni ya mche haitoi povu na inaacha utando wa kijivu pembeni mwa beseni, hiyo ni kalsiamu na magnesiamu ziko nyingi kwenye maji zinashikana na sabuni. Hapo ya unga au ya maji inafanya kazi vizuri zaidi, ya mche ibaki kwa ajili ya kola na madoa.

Loweka nusu saa. Hapa ndo uvivu unalipa, kwasababu wakati wewe umekaa sabuni inafanya kazi uliyotaka kuifanya kwa nguvu za mikono. Nguo zenye vumbi sana kama za shambani au za mpira zisuuze kwanza kwa maji matupu, vumbi litoke, ndo uziloweke. Ila nusu saa usiifanye siku mbili! Najua inavyokuwa, umeloweka asubuhi, umetoka, umerudi umechoka, unasema kesho, kesho unafunika beseni ili usinuse. Nguo zikikaa hivyo zinavunda, rangi zinahamiana na hilo harufu halitoki kwa kufua mara moja. Hariri na sufu usiloweke muda mrefu kabisa, na zitafutie sabuni laini, maana sabuni nyingi za kufulia zina vimeng'enya vya kula protini, na hariri na sufu zenyewe ni protini.

Ukianza kufikicha usiifikiche nguo yote kwa nguvu sawa, mgongo wa tisheti una uchafu gani? Nenda kunakochafuka, kola, makwapa, mikono ya shati inapokunjwa, pindo la suruali, visigino vya soksi. Paka sabuni ya mche hapo, shika kitambaa kwa mikono miwili usugue nguo kwa nguo, sio nguo kwa kucha. Kuna watu wanafua mpaka nguo inalia chwi chwi chwi kama ndege, mi sijawahi kuipata hiyo sauti na nguo zangu zinatakata tu, usijisikie vibaya. Anza na nyeupe, alafu za mwanga, nyeusi mwisho, hivyo maji ya sabuni unaeza kuyatumia zaidi ya mara moja kama hayajachafuka sana.

Madoa yanataka akili kidogo. Damu ni maji ya BARIDI, tena mapema, ukiiwekea ya moto inaiva na kushikamana na nyuzi kama yai kwenye sufuria na hapo umeshaipoteza. Mafuta ya chakula, weka sabuni ya kuoshea vyombo moja kwa moja kwenye doa likiwa bado halijaguswa na maji, liache dakika kumi alafu fua kama kawaida. Wino wa peni gusagusa na spiriti kwa pamba, weka kitambaa kingine chini yake kinyonye, usisugue maana utaupanua. Chai, kahawa, juisi, wahi tu na maji. Na usikaushe nguo kwenye mashine wala kuipiga pasi kama doa bado lipo, moto unalifunga humo.

Jiki na ndugu zake, zile dawa za kung'arisha. Hizi ni za pamba nyeupe tu, na unazichanganya na maji kwanza kama chupa ilivyoelekeza, usimwagie juu ya nguo ikatoboka. Sufu na hariri zinaharibika kabisa. Yale manjano ya kwapani nayo usiyawekee ukidhani yatatoka, mara nyingi yanazidi. Na hapa naomba unisikilize vizuri: usiichanganye jiki na siki, ndimu, dawa ya kusafishia choo wala kitu chochote chenye amonia. Inatoa gesi za sumu zenye klorini, na chumba kidogo cha kufulia kisicho na dirisha ndo mahali pabaya pa kulijua hilo.

Kusuuza sasa, yaani hapa ndo kufua kwenyewe. Kamua kila nguo kwanza kabla hujaitia kwenye maji safi, ukiipeleka na povu lake lote unakuwa umehamisha tu sabuni beseni moja kwenda lingine. Maji ya kwanza, ya pili, na ya tatu kama bado yanateleza. Utajua imetosha ukikamua yakatoka maji meupe yasiyo na povu na ukipitisha mkono nguo haitelezi. Maji yakiwa ya shida, suuza nguo chache chache kwa maji kidogo mara tatu, ni bora kuliko beseni kubwa mara moja. Ukikamua sweta usilisokote kama kamba, litapinda, libonyeze tu au livingirishe ndani ya taulo kavu.

Wenye mashine msijione mmepona, makosa ni yaleyale. Usiijaze mpaka mlango unafungwa kwa goti, nguo zikishajaa hazigeuki, bakiza nafasi ya kupitisha mkono juu yake. Kile kidroo cha sabuni kwa kawaida kina sehemu tatu, yenye II ndo ya kufulia, yenye I ni ya kuloweka kabla, na yenye ua ni ya dawa ya kulainisha, ambayo taulo haiitaki kwasababu inapunguza kunyonya maji. Tumia sabuni iliyoandikwa ni ya mashine, ile ya mkono inatoa povu mpaka linatokea mlangoni. Nguo za kila siku nyuzi 30 au 40 zinatosha, shuka nyeupe na taulo za pamba ndo unaeza kuzipandisha 60 kama lebo inaruhusu, na za sufu ukizipandisha hivyo utatoa sweta la mtoto. Ikimaliza toa nguo saa hiyohiyo, na mlango uache wazi kidogo ndani pakauke.

Kuanika watu wanakudharau lakini kazi yote inaharibikia hapa. Ikung'ute nguo kwa nguvu kabla ya kuiweka kwenye kamba, pah, mikunjo nusu yake inaondoka na pasi unaipumzisha. Kamba ifute kwanza, ina vumbi na kinyesi cha ndege. Tisheti ibane kwenye pindo la chini ili alama za vibanio zisikukae mabegani kama pembe, suruali ibane kiunoni, sweta lilaze bapa kwenye taulo. Nyeupe zipe jua kali zinazidi kung'aa, za rangi na nyeusi zianike kivulini au zikiwa zimegeuzwa, jua linapausha. Na ziachie nafasi katikati! Nguo zikibanana hazikauki kwa wakati, na inayokaa na unyevu muda mrefu ndo inayotoa uvundo, vijidudu vinazaana humo. Kama unaanikia ndani fungua dirisha, washa feni kama ipo, na fua chache kila baada ya siku mbili tatu badala ya kusubiri mlima. Uvundo ukishaingia usijaribu kuuficha na pafyumu, ukitoka jasho tu utarudi na pafyumu yako juu yake, ifue upya.

Wakati wa kuanua usidanganywe na mgongo wa nguo. Shika kiuno cha jinzi, mshono wa kwapa, ndani ya mfuko, na vidole vya soksi, huko ndo kunakauka mwisho. Kama pana ubaridi ubaridi bado, irudishe kambani, usiifungie kabatini.