Kupanda Usambara kwa baiskeli kama unajifunza Kiswahili

Kama umesoma Kiswahili darasani miezi miwili mitatu na bado ukifika sokoni unababaika, tafuta baiskeli ya gia uende Lushoto, mji ulioko juu kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga. Nasema baiskeli kwa sababu kwenye basi dogo la Coaster utakaa na simu yako mpaka unashuka, ila ukiwa unakanyaga pedeli mlimani mwendo wako ni sawa na wa mama anayetoka shamba, mnaenda sambamba, anakusalimia, na huna pa kukimbilia lazima ujibu.

Anzia Mombo, kwenye barabara kuu inayotoka Dar kwenda Arusha. Hapo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, kona juu ya kona, unapanda karibu mita 1000. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua la bondeni halijakolea. Na hizi saa uzizoee mapema, saa moja asubuhi ndo ile darasani kwenu mnaiita saba, nimeshaona wanafunzi wazuri kabisa wa sarufi wameachwa na basi kwa ajili hiyo tu.

Sasa salamu, hapa nakaa kidogo maana ndo penyewe. Ukikutana na mzee usimpigie shikamoo huku unapita, simama, shuka, msalimie, subiri marahaba, afu atakuuliza umetoka wapi na unaenda wapi na hayo maswali hakuchunguzi, ndo salamu yenyewe inaendelea. Watu watakwambia pole njia nzima. Hawakuombi msamaha na hawajakukosea chochote, wameona unavyohema, jibu asante au nishapoa. Ukisikia watu wanaongea na hushiki hata neno moja usivunjike moyo, huenda ni Kisambaa, lugha ya wenyeji wa huku. Jifunze angalau onga maundo ya asubuhi na hongea ya kushukuru, ukiyatamka hayo kwa bibi mmoja tu utaona anavyofurahi.

Pumzika Soni, ni karibu nusu ya njia, maporomoko ya maji unayaona ukiwa barabarani. Kama ni msimu nunua mapeasi au plamsi, ila usilipe fasta ukaondoka, uliza yametoka kijiji gani, yapi yameiva, omba akuongeze moja, yaani dakika kumi za hapo zina Kiswahili kingi kuliko ukurasa mzima wa mazoezi.

Kuuliza njia nako kuna utaalamu wake. Usiulize kilomita ngapi, uliza kwa baiskeli nitatumia muda gani, na je kuna mlima mwingine mbele. Sikiliza vokali: akisema "pale" ni karibu, akisema "paleee" huku kidevu kinapanda juu, jaza maji kabisa. Mwanafunzi mmoja niliyepanda naye aliambiwa "si mbali" akaacha chupa tupu, tulifika baada ya masaa mawili midomo imekauka, na yule aliyetuelekeza hakudanganya, yeye hutembea huko kila siku.

Baiskeli yenyewe: chukua yenye tyubu za vali nene kama ya pikipiki, ile nyembamba pampu nyingi za mafundi haziingii. Beba tyubu ya akiba, viraka, solusheni na waya wa breki. Ukipata pancha karibu na kijiji usijifanye fundi, mpelekee fundi wa pale, kaa kwenye kigoda chake umuulize jina la kila kitu, cheni, spoku, rimu, naamini hayo maneno hutayasahau.

Kushuka ndo kwa hatari. Kaa kushoto, usikate kona kwa ndani maana malori ya kabichi na viazi yanashuka yamejaa, na breki usizishike moja kwa moja, bana achia, bana achia, rimu isichemke. Niliwahi kukodi baiskeli bila kuikagua, waya wa nyuma ukakatika kwenye mteremko, tangu siku hiyo navuta breki zote mbili mbele ya mwenye baiskeli kabla sijatoa hela.

Ukishafika Lushoto lala siku mbili. Ya kwanza nenda Irente, ni kama kilomita 6, ukisimama ukingoni unakiona kijiji cha Mazinde kiko chini kabisa na nyika inaenda mpaka macho yanachoka. Ya pili panda msitu wa Magamba, kuna mbega. Mwenye miguu aendelee mpaka kijiji cha Mtae, kama kilomita 60 kutoka Lushoto, ila epuka masika ya Machi hadi Mei, udongo unateleza vibaya, na Juni mpaka Agosti beba sweta zito.

Kurudi kutoka Mtae ukiwa umechoka panda basi, baiskeli itafungwa kwenye keria, ila patana na konda bei yake kabla haijapandishwa juu.