Kupunguza Uzito wa Magurudumu na Flaiwili ili Gari Litumie Mafuta Kidogo

Uzito unaozunguka huitaabisha injini mara mbili, kwa kuwa injini huusukuma mbele pamoja na gari zima na papo hapo huuzungusha. Kilo moja iliyo kwenye tairi hudai nguvu inayokaribia ile ya kilo mbili zilizopakiwa kwenye buti, ilhali kilo iliyo karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, hudai zaidi kidogo tu ya uzito wake. Nguvu hiyo ya ziada hudaiwa pale tu gari linapoongeza mwendo, kisha hupotea kama joto kwenye breki. Dereva anayekwenda mwendo mmoja kutoka Chalinze hadi Morogoro hatapata faida ya maana. Anayefaidika ni yule anayesimama na kuondoka siku nzima kwenye foleni za mjini.

Ni vyema kujua ukubwa wa faida yenyewe kabla ya kutoa fedha. Gari la kilo 1,200 linalotoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa hutumia takriban mililita 15 za petroli kujipatia mwendo huo. Ukipunguza kilo 3 kwenye kila gurudumu, unaokoa chini ya asilimia 2 ya kiasi hicho. Ni kidogo, na fundi anayeahidi robo ya tangi anauza maneno.

Anza basi na rimu na matairi. Vua gurudumu moja, lipime kwenye mizani, kisha ulinganishe na lile unalotaka kununua, maana rimu za aloi si lazima ziwe nyepesi: rimu pana ya inchi 17, pamoja na tairi lake, mara nyingi huwa nzito kuliko ya chuma ya inchi 14 iliyokuja na gari. Kurudi kwenye kipimo cha kiwandani ndiko kupunguza uzito kwa bei nafuu kuliko kote. Usichague tairi jepesi lisilofikia namba ya mzigo inayotakiwa. Namba 82, kwa mfano, ni kilo 475 kwa tairi moja. Angalia pia upepo kila mwezi, matairi yakiwa ya baridi, kwa sababu Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI 1 (kipimo cha shinikizo la upepo) inayopungua kwenye matairi yote hula takriban asilimia 0.2 ya mafuta.

Flaiwili, yaani sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya injini, ina hesabu yake. Kwa kuwa imefungwa kwenye injini, athari yake hukuzwa na gia: flaiwili ya kilo 8 ya gari dogo inaweza kulemea kama kilo 170 za mzigo katika gia ya kwanza, na kama kilo 9 tu katika gia ya tano. Ndiyo maana flaiwili nyepesi huonekana kulichangamsha gari wakati wa kuondoka. Gharama yake ni kwamba injini hutetemeka ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na huzima kwa urahisi mlimani, hivyo dereva huongeza mafuta anapoachia klachi, na akiba yote huishia hapo. Kwa gari la kazi, mimi ningeiacha ilivyo.

Anayeamua kuipunguza asubiri siku gia boksi inaposhushwa kubadilishwa klachi. Fundi mchongaji aondoe chuma upande unaotazama injini, kuelekea ukingoni, bila kugusa sehemu inayokaliwa na klachi pleti wala meno ya stata, kisha aisawazishe ili isitetemeke inapozunguka. Flaiwili ya chuma cha kusubu ikichongwa hovyo inaweza kupasuka ikiwa kasi. Ile ya vipande viwili yenye springi ndani haichongwi kabisa, na magari mengi ya gia otomatiki hayana flaiwili ya klachi kama inayozungumziwa hapa.

Flaiwili nzito nayo haileti akiba, isipokuwa pale inapohifadhi nguvu, kama ile ya breki, na kuirudisha. Mabasi ya Gyrobus yaliyotembea Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuanzia 1955 hadi 1959, yalibeba flaiwili ya tani 1.5 iliyozungushwa kwa umeme vituoni, na nguvu iliyohifadhiwa humo ndiyo iliyoendesha basi. Flaiwili iliyofungwa kwenye injini ya kawaida haina kazi hiyo.

Ili kupima matokeo, jaza tangi mpaka pampu ikate, pita njia yako ya kila siku hadi tangi likaribie kwisha, kisha ujaze tena kwenye pampu ileile na ugawanye kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Ikiwa kimo cha tairi kimebadilika, kilomita zipimwe kwa GPS ya simu, kwa sababu mita ya gari itakuwa inasoma vibaya.