Huna uraia wa Ubeljiji? Kura ya komine unayo, jiandikishe hivi

Ndugu zangu mlioko Ubeljiji, uwe umetoka Bukavu, Bujumbura, Kigali au Mombasa, kuna haki moja wengi tunaiacha ikae bure kila baada ya miaka sita. Uchaguzi wa komine, yaani manispaa unakoishi, si wa wenye uraia peke yao. Sheria ya tarehe 19 Machi 2004 inamruhusu hata mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya kuchagua baraza la komine anakoishi, na toka 2006 watu wanapiga, 2012, 2018, 2024. Ijayo ni Oktoba 2030, na mtu akisikia hivyo anasema aah bado sana, kumbe kujiandikisha unaweza hata wiki hii na jina likishaingia linabaki humo kwa chaguzi zote zinazofuata.

Na komine si kitu kidogo jamani. Krechi ya mtoto, shule za komine, maegesho, taka, maombi yako ya CPAS, ofisi ya msaada wa jamii ya komine, ile ambayo Flanders, upande wa Kiholanzi, wanaiita OCMW, yote yanapita kwenye mikono ya watu wanaotokana na hii kura. Pierre Kompany kazaliwa Bukavu, kafika huku kama mkimbizi mwaka 1975, na baada ya uchaguzi wa 2018 akawa meya wa Ganshoren, meya wa kwanza mweusi nchi hii. Kwa hiyo msiniambie haya mambo ni ya wenyewe.

Kwanza ujue uko kundi gani. Kama una uraia wa Ubeljiji, hata ukiwa na mwingine pembeni, huombi chochote, jina linaingia lenyewe. Kama una pasi ya nchi ya Umoja wa Ulaya, tuseme ulichukua uraia Ufaransa au Uholanzi halafu ukahamia huku, una fomu yako tofauti, huulizwi miaka mitano, na ukitaka hata kugombea unagombea. Sisi wengine wote, na Waingereza nao tuko nao toka wajitoe, tunapiga kura ila hatugombei, tena ni ya komine tu, ya mkoa na ya bunge hapana.

Masharti yetu ni haya: uwe na miaka 18 siku ya uchaguzi, uwe umeandikishwa kwenye rejista ya komine, na siku unayoomba uwe umeshaishi Ubeljiji kihalali miaka mitano mfululizo. Miaka mitano ya nchi nzima, si ya komine moja, kwa hiyo aliyekaa Liège mitatu akahamia Brussels miwili anahesabiwa vizuri kabisa.

Hilo neno mfululizo ndo linaloangusha watu, nalisema kwa uchungu manake wanaoangushwa si wakorofi. Mnajua ukihama unatoa taarifa komine mpya, halafu polisi wa mtaa anakuja kuhakikisha kweli unalala pale. Sasa mama wa watu anafanya usafi ofisini alfajiri, jioni tena yuko kazini, polisi anagonga hakuna mtu, anaangalia sanduku la barua jina halipo, la mwenye nyumba tu, anarudi tena hola. Mwisho anaandikwa kwamba haishi pale, na anaweza kufutwa kwenye rejista bila yeye kujua mpaka siku anaenda kuchukua karatasi fulani anaambiwa hayupo. Ukifutwa hivyo ile hesabu ya miaka mitano inakatika, na sio kura tu, hata maombi ya uraia yanaweza kukwama hapohapo. Kwa hiyo ukihama, siku ileile bandika jina lako kwenye sanduku na kwenye kengele, hata kwa karatasi na selotepu, na polisi akiacha kikaratasi mpigie, usingoje.

Kabla hujajaza fomu, chungulia historia yako ya anwani. Unaingia Mon Dossier, tovuti ya serikali ya rejista ya taifa, ya Kiholanzi ni Mijn Dossier, kwa kadi yako na pin au kwa itsme, ile app ya utambulisho ya simu, unaona kila anwani na tarehe zake. Ukikuta pengo au kosa, nenda dirisha la wakazi komine ukaliulizie kwanza, na uende na mkataba wa nyumba au karatasi za mshahara za miezi hiyo.

Fomu yenyewe ni rahisi na ni bure, mtu asikutoze hata senti. Unaipata komine, kwenye huduma ya wakazi au ya uchaguzi, waambie wewe si raia wa Umoja wa Ulaya na unataka kujiandikisha kupiga kura, manake wakikupa ile ya watu wa Ulaya itarudishwa. Unajaza jina, uraia, anwani, namba yako ya rejista ya taifa ambayo iko nyuma ya kadi. Halafu kuna sehemu ya tamko unasaini kwamba utaheshimu Katiba, sheria za watu wa Ubeljiji na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Hapo wengi wanashtuka wanadhani wanaikana nchi yao, hapana, pasi yako haiguswi na kadi yako ya ukaazi haibadiliki.

Lugha sasa. Brussels unachagua mwenyewe Kifaransa au Kiholanzi, zile komine zote 19. Wallonia ni Kifaransa, ila upande wa Eupen kuna komine 9 za Kijerumani na Kifaransa kinapokelewa. Flanders ni Kiholanzi, na hata karani akijua Kifaransa anatakiwa akuhudumie kwa Kiholanzi kwa hiyo usimkasirikie, nenda na ndugu au jirani anayekiongea. Komine chache za kandokando ya Brussels kama Kraainem na Linkebeek unaweza kuomba kwa Kifaransa.

Ukishaipeleka, mwenyewe dirishani au kwa posta, omba uthibitisho kwamba wameipokea. Komine inakagua halafu inakuandikia. Wakikubali, ile hati ya tamko itunze pamoja na vyeti vyako, utaihitaji ukihamia komine nyingine. Wakikataa, barua lazima iseme sababu na namna ya kupinga, na muda wa kupinga ni siku chache kwa hiyo barua ya komine ifungue siku ileile. Mwaka wa uchaguzi mwisho ni 31 Julai, kuanzia 1 Agosti daftari linafungwa mpaka kura ipite.

Kuna wanaoogopa faini. Ni kweli, Brussels na Wallonia ukishajiandikisha kupiga kura ni lazima kama kwa Mbelgiji. Flanders walifuta huo ulazima kwa kura za komine, 2024 ndo ikawa mara ya kwanza bila huo ulazima. Ukiumwa au uko kazini siku hiyo unampa mpiga kura mwingine akupigie kwa karatasi ya uwakilishi na cheti cha sababu. Si jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Siku yenyewe beba barua ya wito, ile inayokuita kwenda kupiga kura, na kadi yako ya ukaazi, saa na kituo vimeandikwa kwenye barua. Brussels ni mashine: unapewa kikadi, unakichomeka, unachagua lugha, unagusa orodha moja, halafu ama unaipa kura orodha nzima ama unagusa majina ya wagombea, hata kumi, mradi wote wa orodha hiyohiyo. Inatoka karatasi, hakikisha ndicho ulichochagua, ikunje maandishi yakae ndani, uiskani kwenye sanduku. Wallonia kwingi ni karatasi na penseli nyekundu, na ukichanganya wagombea wa orodha mbili kura imeharibika. Kabla hujatoka hakikisha barua ya wito imegongwa muhuri, hiyo ndo ushahidi wako kwamba ulifika.