Kuwasha mnara wa spiriti ya molasi: usikimbizane na joto la kileleni

Juzi shifti ya usiku nilikuwa na kijana anawasha mnara (lile tangi refu la kutenganisha pombe na maji kwa kuchemsha) peke yake mara ya kwanza, nikaona niandike pale alipokwama maana na mimi nilikwama hapo hapo. Tuko kanda ya miwa karibu na Kisumu. Molasi ikishachacha inakuwa na pombe asilimia 8 hadi 10, mnara wa kwanza unaitoa kwenye ile molasi, wa pili unaipandisha hadi 96 kwa ujazo. Ukikaribia 97 pombe na maji vinapanda pamoja, hapo kuchemsha hakusaidii tena, unahitaji tangi la zeolaiti, madini yanayonyonya maji.

Hatua ya 1: maji ya kondensa (kipoza mvuke) kwanza, stimu baadaye. Hapa hakuna mjadala, mvuke wa spiriti ukikosa pa kupoa unatoka nje na cheche moja inatosha.

Hatua ya 2: fungua stimu polepole.

Hatua ya 3: rudisha mnarani kila kinachopoa kwenye kondensa, usitoe bidhaa hata tone mpaka joto litulie kila sahani (zile ngazi za ndani ya mnara).

Hatua ya 4: anza kulisha na kutoa bidhaa. Hapa ndipo usiku unapoishia. Kitabu kinasema pombe inachemka 78.3, basi mwaka wangu wa kwanza nikakaa saa sita naongeza stimu nikiisubiri hiyo 78 ije kileleni, kumbe hiyo ni ya usawa wa bahari, Mombasa sawa, lakini huku tuko mita 1,100 na zaidi, maji yenyewe yanachemka kwenye 96 hivi na pombe kwenye 75. Stimu ilipozidi ikazuia kimiminika kushuka, presha ya kitako cha mnara ikaruka, mnara ukafurika, bidhaa ikatoka hafifu kabisa, maji mengi. Na hata ukijua namba sahihi, joto la kileleni halikuambii kitu, kati ya asilimia 90 na 96 tofauti haifiki hata nusu digrii. Angalia sahani za chini ya katikati, pale joto linaporuka digrii kadhaa kutoka sahani moja hadi nyingine. Likipanda pale, maji yanapanda, punguza kutoa bidhaa. Likishuka, pombe inateremka chini, toa zaidi. Gusa valvu moja tu, kisha ngoja dakika 20, tafadhali ngoja. Mimi kipima joto cha pale nakiamini kuliko grafu zote za kompyuta, ila kwanza hakikisha hakijashika ukoko.

Hatua ya 5: toa mafuta ya fuseli (pombe nzito zinazotokana na uchachu) pembeni, sahani chache juu ya pale unapolisha. Ukiyasahau yanajikusanya na joto linaanza kuyumba bila sababu ya kuonekana.

Hatua ya 6: kila saa chota sampuli ya maji yanayotoka kitako cha mnara, ipoze, uinuse. Ikinukia spiriti rudi hatua ya 4, unamwaga pesa.