Somo: Kuamua pa kutua unaporusha glaida yenye injini, kuanzia ukingo wa Newala hadi milima ya Masasi

Glaida ni ndege nyepesi inayoteleza hewani bila kutegemea injini; hii ina injini ndogo ya msaada. Somo hili, la kutua shambani unapoishiwa kimo mbali na uwanja, ni la rubani mwenye leseni anayejua tayari kutua uwanjani. Mifano ni ya Mtwara na Lindi kwa sababu ardhi ya huku inadanganya macho: ukitokea pwani, uwanda wa Makonde unapanda polepole bila wewe kuhisi, halafu Newala unakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma.

Hatua ya 1: Panga safari kama vile injini haipo

Injini inayokunjwa mgongoni ina mlolongo mrefu kabla ya kuwaka: nguzo inayobeba propela isimame, bomba la mafuta lifunguliwe, swichi ziwashwe, propela izunguke. Kimoja kikigoma, unabaki na nguzo imesimama na propela imekufa, zote zinakamata upepo. Glaida iliyokuwa ikiteleza mita 40 mbele kwa kila mita 1 ya kimo inaweza kubaki na 15 hivi. Soma namba ya ndege yako kwenye kitabu chake. Injini iliyogoma ikiwa nje ni mbaya kuliko kutokuwa na injini.

Kwa hiyo piga hesabu kwa 15. Newala hadi Masasi ni zaidi ya kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Kilomita 50 kugawa kwa 15 ni mita 3,330. Ongeza mita 300 za mzunguko wa kutua na mita 500 hivi za kimo cha Masasi, unapata zaidi ya mita 4,100 kutoka usawa wa bahari. Siku nyingi hufiki huko, na ukifika unahitaji oksijeni. Maana yake Masasi si akiba yako, yaani pa kukimbilia kutua, ukiwa Newala. Akiba yako ni mashamba ya njiani: usiliache moja kabla hujaona jingine unaloweza kulifikia.

Hatua ya 2: Soma kimo juu ya shamba, si juu ya uwanja ulioondokea

Uwanja wa Mtwara uko mita 113 kutoka usawa wa bahari. Ukiweka altimita (kipimo cha kimo) sifuri pale, kisha ikasoma 1,000 juu ya shamba lililo mita 750, umebaki na mita 363 tu. Wengi hapo bado wanatafuta hewa ya kupanda, wakati walitakiwa wawe wameshaamua. Weka altimita isome kimo kutoka usawa wa bahari, na andika vimo vya ardhi kwenye ramani kabla ya kuondoka.

Hatua ya 3: Ngazi za kimo (zote juu ya shamba)

- Mita 800: acha kusonga mbele, geukia eneo lenye mashamba.
- Mita 600: shamba moja limechaguliwa, pamoja na upande wa kuingilia.
- Mita 500: jaribu injini, ukiwa ubavuni mwa shamba, upande unaotoka upepo.
- Mita 300: injini isiguswe tena. Unatua.

Hiyo 500 imetoka hapa: nguzo ikiwa nje unashuka kama mita 2 kwa sekunde. Jaribio moja la sekunde 40 linakula mita 80, mawili mita 160. Ukitoa kwenye 500 unabaki na 340. Jaribio la tatu ndilo linalovunja ndege, kwa sababu kichwa kiko ndani kwenye swichi na macho hayapo nje.

Hatua ya 4: Kuchagua shamba

Ukiwa juu, mikorosho inaonekana kama zulia laini. Si pa kutua. Shamba la korosho lisikushawishi hata kama mistari ina nafasi, bawa la mita 15 au 18 halipiti.

Mihogo ina mashina magumu. Ufuta mrefu unakamata ncha ya bawa na kuizungusha ndege. Ukiwa huna lingine, chukulia ncha za mimea ndiyo ardhi, utue taratibu juu yake. Baada ya mavuno angalia mafungu ya ufuta yaliyosimamishwa yakauke. Shamba lenye matuta utue kwa kufuata matuta, kamwe usiyakate. Malisho mafupi yanapendeza, lakini huku yana vichuguu na visiki vinavyofichwa na majani. Majaruba ya mpunga yana kingo.

Urefu: chukua mita 200 za kukimbia ardhini, ongeza mara 10 ya kimo cha miti mnakoingilia. Mikorosho ya mita 10 inadai jumla ya mita 300, minazi ya mita 20 inadai 400. Juani, kwenye nyuzi 30 na kimo cha mita 750, mwendo halisi unazidi unaousoma kwa asilimia 7 hivi, na mbio za ardhini zinarefuka kwa asilimia 15 hivi.

Waya za umeme huzioni, tafuta nguzo zake. Panapo nyumba za bati kandokando ya barabara, amini kuna waya hata usipoiona.

Mteremko unaouona wazi kutoka angani ni mkali kuliko unavyodhani. Tua kwa kupanda, hata kama upepo mdogo unakusukuma mgongoni.

Hatua ya 5: Kuingia

Mwendo: zidisha mwendo ambao mabawa yanaacha kubeba kwa 1.3, kisha ongeza nusu ya upepo. Kama ni kilomita 70 kwa saa na upepo ni 20, inakuwa 91 + 10, yaani 101. Mlimani upeo wa macho umepotea, kwa hiyo pua itakudanganya. Tazama kipimo cha mwendo. Ukiwa jirani na ukuta wa mlima, geuka kila mara kuelekea bondeni. Na upande uliojificha nyuma ya mlima, kusi likivuma, hewa inaporomoka: kaa mbali nao. Moshi wa mashamba yanayochomwa utakuonyesha upepo bila gharama.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Masasi: Mkuu, kwa nini nisitue tu kwenye lami ya Mtwara–Masasi? Imenyooka.

Jibu: Lami haifiki hata nusu ya upana wa bawa. Kuna nguzo, alama, bodaboda na malori. Iwe chaguo la mwisho, tena sehemu isiyo na nguzo pande zote mbili.

Mwanachama, Nachingwea: Yangu ina propela puani, inazunguka muda wote. Hizo mita 500 zinanihusu?

Jibu: Zinakuhusu, kaka. Ukishuka muda mrefu mafuta yakiwa yamepunguzwa, injini inapoa na inaweza kukohoa ukiidai nguvu ghafla. Hewa yenye unyevu ya pwani inaweza kugandisha barafu ndani ya kabureta (panapochanganyika mafuta na hewa) hata kukiwa na joto la nyuzi 25. Washa joto la kabureta kabla ya kupunguza mafuta, na ipe injini nguvu kidogo kila baada ya muda.

Mwanachama, Newala: Shikamoo mwalimu. Kiangazi Ruvuma inaacha mchanga mpana. Unafaa?

Jibu: Marahaba. Mchanga laini unameza tairi na ndege inalalia pua. Kuna mamba na viboko, na ng'ambo ni Msumbiji, huko ni kutua nchi nyingine. Mchanga uwe baada ya shamba lolote la upande wetu.

Mwanachama, Lindi: Nikishatua salama, niwashe injini nirudi uwanja wa Kikwetu?

Jibu: Hapana. Urefu uliokutosha kutua mara nyingi hautoshi kuruka na kupita miti. Funga mafuta, zima umeme, toa taarifa kwa waongozaji wa ndege, kisha kwa mwenyekiti wa kijiji. Watoto watafika kabla yake, kwa hiyo mweke mtu mzima mmoja asimame jirani na propela. Mwenye shamba mkubaliane fidia ya mazao kabla ya kuitoa ndege, na iondoke ikiwa imetolewa mabawa, juu ya trela.